Sauti inakwaruza wiki ya tano: je, mngurumo wa muziki wa metali unaharibu koo?

*"Shikamoo Daktari. Mimi ni kijana wa miaka 23, naishi Mombasa. Tuna bendi ndogo ya metali (heavy metal), tuko wanne, na mimi ndiye mwimbaji. Tangu nilipoisikia albamu ya mwaka 2024 ya Lord Spikeheart, mwimbaji wa metali wa Kenya, nimekuwa nikitazama video za metali ya Nairobi kila usiku na kuiga ule mngurumo. Tunafanya mazoezi mara tatu kwa wiki, saa mbili mbili, chumba kimoja na ngoma. Sasa ni wiki ya tano sauti inakwaruza. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi, na zile noti za juu nilizokuwa nikiimba kwenye kwaya zimepotea kabisa. Mpiga gitaa wetu anasema koo lazima liumie kwanza ndipo liote sugu, kama vidole vya gitaa. Mama anasema ni mapepo, lakini hata hivyo ananichemshia tangawizi na ndimu. Mwezi ujao tunarekodi wimbo wetu wa kwanza na video yake. Nikaze, nipumzike, au niache kabisa? Na hao wa kwenye video wanawezaje miaka yote hiyo?"*

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza nisahihishe cheo: mimi si daktari, ni mtaalamu wa tiba ya usemi na sauti. Kazi yangu huanza baada ya daktari wa masikio, pua na koo kuwa ameshatazama ndani. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo nusu ya jibu lako. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki nne, awe mwimbaji wa metali au muuza samaki wa Marikiti, koo linatakiwa litazamwe kwa kamera. Wewe uko wiki ya tano. Kwa hiyo hata ukiishia kusoma hapa, panga kwenda. Mengine ni ya kukusaidia uelewe utakachoambiwa huko.

Naona unaogopa mambo mawili. Unaogopa kwamba umeshaliharibu koo lako, na unaogopa kwamba huu muziki ni wa watu waliozaliwa na koo la aina nyingine. Hilo la pili nalikana moja kwa moja. Wana koo kama lako. Wanachofanya nalo ndicho tofauti.

Weka kidole kwenye kikoromeo chako useme "aaa" kwa upole. Ule mtetemo ni nyuzi zako za sauti. Tunaziita nyuzi kwa mazoea, lakini ni mikunjo miwili ya nyama, kwa mwanamume ina urefu wa sentimeta mbili hivi, imefunikwa na utando laini wenye utelezi. Ukiongea kawaida inagongana zaidi ya mara mia moja kila sekunde. Juu yake kidogo kuna jozi nyingine, minene na mizito, ambayo sisi huiita mikunjo bandia. Kazi yake ya asili haina uhusiano na uimbaji. Inafunga njia ya hewa unapomeza, unapokohoa, na unapoinua kitu kizito. Ile "hhk!" inayomtoka hamali akitupia gunia begani ni hiyo inafunga na kufunguka.

Mwimbaji aliyefundishika huiazima hiyo mikunjo minene. Anaisogeza karibu, anapitisha pumzi kidogo, nayo inatetemeka polepole na kwa fujo, ndipo unasikia mngurumo. Nyuzi zenyewe za chini zinashiriki kwa upole tu, au zinakaa pembeni. Mwanafunzi wa usiku mmoja hufanya kinyume: anazibana zile nyuzi laini kwa nguvu zote kisha anazisukumia pumzi yote ya kifuani. Kwenye spika ya simu milio hii miwili inakaribiana sana. Ndani ya koo inatofautiana kama kubisha hodi na kuvunja mlango.

Hili halihitaji uniamini mimi. Will Ramos, mwimbaji wa bendi ya Lorna Shore ya Marekani, alikubali kamera nyembamba ipitishwe hadi kooni wakati anangurumisha sauti zake za kutisha, na video hiyo iko wazi kwa kila mtu. Ukiitafuta, tazama jinsi sehemu za juu zinavyokunjamana na kutetemeka kama pazia kwenye upepo. Ningependa kila mwimbaji wa metali aitazame mara moja kabla ya kutazama video nyingine mia za majukwaani, maana hiyo ndiyo inayoonyesha kinachofanyika kweli.

Wala si uvumbuzi wa Wazungu wenye nywele ndefu. Wanawake wa Kixhosa wa Eastern Cape, Afrika Kusini, wana uimbaji wao uitwao umngqokolo, sauti nzito yenye kukwaruza ambayo ukiisikia bila kumwona mwimbaji utadhani ni mzee wa kiume. Waimbaji wa Tuva, kule Urusi, na wa Mongolia wana yao pia. Mwambie mama hivyo, kwa adabu. Na usimdharau: sikio lake lilisikia mapema kwamba sauti ya mwanawe imebadilika. Sikio lilikuwa sahihi, ni chanzo tu ndicho alichokosea.

Sasa huyu mpiga gitaa wenu. Ana hoja, na hoja yake ndiyo hatari. Ni kweli kidole kikisuguliwa na waya kinaota sugu, na sugu hiyo ni faida kwa sababu kidole hakihitaji kuwa laini ili kifanye kazi. Nyuzi za sauti zinafanya kazi kwa ulaini wake: utando wa juu lazima upige wimbi, kama kitambaa chepesi kilicholowa. Ukiotesha sugu pale, wimbi linakwama. Na kweli sugu huota, tunaziita vinundu, na huota katikati ya nyuzi, mahali panapogongana kwa nguvu zaidi. Hivyo anachokuahidi kama zawadi mwishoni mwa maumivu ni jina la ugonjwa wenyewe.

Dalili ulizozitaja zinaendana na uvimbe wa nyuzi. Nyuzi zilizovimba ni nzito, na kitu kizito hakiwezi kutetemeka haraka, ndiyo maana noti za juu ndizo za kwanza kukimbia. Asubuhi huwa mbaya kwa sababu ute umekauka usiku, na kwa baadhi ya watu kwa sababu asidi ya tumbo imepanda wakiwa wamelala, hasa waliokula saa tano za usiku baada ya mazoezi. Lakini "zinaendana" si "ndiyo". Kwa kusoma barua siwezi kutofautisha uvimbe wa kawaida, kinundu, uvujaji mdogo wa damu chini ya utando, au ugonjwa ambao hauhusiani kabisa na muziki. Kifua kikuu, kwa mfano, kinaweza kushika kikoromeo, na kwetu hatuna ruhusa ya kukisahau.

Tangawizi na ndimu za mama endelea kunywa kama unazipenda, ila jua hazifiki kwenye nyuzi. Unachomeza kinapita njia ya chakula, nyuma. Kikigusa nyuzi unapaliwa. Kinachozifikia moja kwa moja ni hewa tu, kwa hiyo mvuke unasaidia kidogo: oga maji ya moto mlango umefungwa, au vuta hewa kupitia taulo iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu. Usijifunike blanketi juu ya sufuria inayochemka, watu wanaungua hivyo. Maji ya kunywa yanasaidia pia, ila yanazunguka kwanza kwenye damu, kwa hiyo yanywe tangu asubuhi, si kugugumia lita nzima mkiingia mazoezini. Peremende kali za koo ziogope. Zinatia ganzi, na koo lenye ganzi haliwezi kukwambia uache.

Tuje kwenye video, maana naamini ndizo zilizokuponza.

Chukua albamu ya Duma ya mwaka 2020, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Duma walikuwa wawili, Martin Khanja, ambaye ndiye huyo Lord Spikeheart wako, na Sam Karugu. (Msomaji wa Kiswahili akisikia jina hilo anamwona mnyama wa mbio. Wao walilitoa kwenye Kikikuyu, ambako ni giza. Ukitafuta video zao bila kuongeza neno lingine, utaletewa mbuga nzima.) Mle ndani kuna ngoma za mashine, gitaa, kelele za makusudi, na sauti ya mtu iliyopitishwa kwenye mitambo hadi hujui koo linaishia wapi na umeme unaanzia wapi. Kisha njoo kwenye hiyo ya 2024, *The Adept*, aliyoitoa chini ya Haekalu Records, lebo yake mwenyewe. Ina uzito wake wa kipekee kwetu, kwani yeye ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau, na albamu inamkumbuka. Lakini kwa macho ya kazi yangu, ile pia ni kazi ya watayarishaji wengi na wageni wengi. Ukiiga kwa koo tupu kile unachokisikia mle, unaiga koo pamoja na mashine, na hiyo mashine kwako inafanywa na nyuzi mbili za sentimeta mbili.

Studio ina vifaa vinavyoinua sauti ndogo na kuibana sauti kubwa hadi zote ziwe ukuta mmoja. Mngurumo mzuri, ukisimama karibu na mwimbaji asiye na kipaza sauti, mara nyingi unakushangaza kwa udogo wake. Hauzidi sana mtu anayeita boda ng'ambo ya barabara. Juu ya hapo mtayarishaji anaweza kupanga tabaka tatu au nne za sauti ileile. Na kwenye video yenyewe, mwimbaji hufuatisha midomo tu. Mishipa ya shingo iliyotuna pale ni ya kamera. Ikituna shingoni kwako chumbani, hiyo ni dalili.

Kuna na ule mkono. Umewaona wanavyokifumba kipaza sauti kwa viganja viwili. Unapendeza, na unanenepesha sauti kidogo, lakini unakifanya kipaza kichukue kelele za kila upande, spika zinaanza kulia, fundi anakushusha, hujisikii tena, na usipojisikia unapiga yowe. Nimeona waimbaji wachanga wakijiumiza kwa mlolongo huohuo bila kujua kwamba ulianza mkononi.

Kama unataka kujifunza kwa video, badilisha unachotazama. Tafuta za jukwaani zilizochukuliwa kwa simu, mbaya, zisizosafishwa, na usitazame wimbo: tazama kati ya nyimbo. Mwimbaji anapowasalimia watu baada ya wimbo wa tatu, sauti yake ya kuongea ikoje? Au tafuta mahojiano baada ya onyesho. Anayeongea kwa sauti safi dakika kumi baada ya kungurumisha ukumbi, huyo anajua anachofanya. Anayekwaruza kama wewe, hata awe na mashabiki kiasi gani, usimfuate. Sikiliza pia bendi ambazo sauti safi na ukelele vinapokezana, kama Last Year's Tragedy walivyokuwa wakifanya Nairobi, usikie jinsi ukali unavyoingia na kutoka bila kuvuta kila kitu pamoja nao.

Na kumbuka mwendo. Kabla ya Duma, Khanja alikuwa na Lust of a Dying Breed, na Karugu na Seeds of Datura. Unachokiona 2024 kina miaka mingi ya majukwaa nyuma yake. Wewe una video za usiku na mazoezi ya saa sita kila wiki.

Hizo saa sita zinanisumbua kuliko mngurumo wenyewe. Ngoma katika chumba kidogo zinapita desibeli 100 bila shida. Mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti bila kuamua, mwili unafanya wenyewe. Muulize makanga yeyote wa matatu kwa nini hana sauti ikifika Ijumaa. Wateja wangu wengi ni hao, na walimu wa chekechea na wahubiri wa mikutano ya hadhara. Watu wa metali nimewaona wachache, tena wengi wao hawakuumizwa na kuimba bali na kuongea kwa kupiga kelele kati ya nyimbo. Kwa hiyo mazoezi yajayo, wewe uwe na spika yako ya kujisikia, hata ndogo, na wote wanne mvae vizibo vya masikio. Kwa desibeli 100, muda unaohesabiwa salama kwa masikio ni dakika 15 tu kwa siku. Nyinyi mnakaa saa mbili.

Swali lako kuu: ukaze, upumzike, au uache?

Kukaza, hapana. Kuacha kabisa, sioni sababu mpaka daktari aseme. Kupumzika, ndiyo, ila watu wanapumzika vibaya. Huhitaji kuwa bubu, isipokuwa daktari akikuta damu imevuja. Ongea kidogo, kwa sauti yako ya kawaida na kwa karibu. Usinong'one. Mnong'ono wa kulazimisha unaibana mikunjo kuliko kuongea polepole. Usisafishe koo kwa "ehm-ehm" kila dakika, meza mate badala yake. Kama unavuta sigara, unajua nitakachosema. Kama mnatafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, usiku wa mazoezi, inakausha kinywa, na inakuweka macho ukiongea hadi alfajiri, kwa hiyo unalipa mara mbili. Dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni usizimeze ili uweze kuimba, kwani zinarahisisha damu kuvuja kwenye nyuzi zilizochoka.

Kuhusu rekodi, usifute tarehe ya studio. Ingieni mrekodi ngoma, besi na magitaa, muache nafasi ya sauti. Mtarudi kwa sauti wewe ukiwa umepona, tena mchukue vipande vifupi, mara mbili tatu kwa siku, basi. Kumwalika mwimbaji mwingine kwa wimbo huu mmoja pia ni njia ya heshima, ingawa najua itakuuma. Fundi anaweza kukupendekezea uongee kawaida kisha programu ikutie ukali. Inawezekana, na rekodi nyingi zina kiasi fulani cha hilo, ila siku ya jukwaani mtu atataka asikie kilekile. Uamuzi ni wenu. Nikiulizwa mimi, nachagua kuchelewesha sauti.

Na siku ya kupiga video, tafadhali, usitoe sauti hata moja. Hapa ndipo wanapoumia wengi: wanarudia wimbo mara 30 juani, kila mara kwa nguvu zote, kwa picha ambayo haitatumia sauti hiyo hata kidogo. Fungua mdomo, tunisha mishipa utakavyo, pumua nje kimya.

Baada ya daktari kukuruhusu, anza na mrija. Glasi ya maji nusu, mrija uingie kina cha vidole viwili, toa sauti ya "uuu" kupitia mrija huku maji yakibubujika povu. Dakika tano, mara kadhaa kwa siku. Shinikizo linalorudi nyuma kutoka kwenye mrija linazisaidia nyuzi zigongane kwa ulaini. Mngurumo uje mwisho, kwa pumzi ndogo kama ya kupashia viganja joto, dakika tano hadi kumi, na siku ya katikati ya kupumzika. Ukisikia mkereketo au kikohozi, umeshazibana nyuzi: acha, kesho ujaribu kwa pumzi pungufu. Kipimo changu cha kila siku ni rahisi: imba mstari mmoja wa wimbo wa kwaya, juu na kwa sauti ndogo kabisa. Ukikatika pale ulipokuwa hukatiki jana, leo hakuna metali. Walimu wa mtandaoni wapo wazuri, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kuona nyuzi zako kupitia simu.

Kwa Mombasa, hospitali kuu ya rufaa ya Pwani ina kliniki ya masikio, pua na koo. Wapo pia maofisa wa kliniki waliosomea fani hiyo ambao wanaweza kukutazama kwanza. Usisubiri miadi bali nenda siku hiyohiyo ukipata lolote kati ya haya: pumzi inapiga filimbi au inakuwa ngumu kuvuta, unakohoa damu, chakula kinakwama, au sauti inakatika ghafla katikati ya yowe. Uvimbe shingoni, au kikohozi cha wiki mbili kinachoambatana na jasho la usiku na kupungua uzito, usivifiche ukidhani havihusiani. Ikitokea ni vinundu, usiingiwe na hofu ya kisu, kwani vingi hulainika kwa tiba ya sauti bila upasuaji.

Kamera inapitia puani, inachukua dakika chache, inakera zaidi kuliko kuuma. Ukiingia usiseme tu "koo linawasha". Mwambie unaimba metali, saa ngapi kwa wiki, na tangu lini, kisha mwonyeshe video yako kwenye simu. Huenda akacheka. Mwombe, kamera ikiwa bado ndani, akuruhusu uongee kidogo, uimbe noti moja ya juu, na ungurume mara moja tu kwa upole, arekodi. Ukipata nakala ya picha hiyo pamoja na barua yake, nitumie, nami nitajua tuanzie wapi.